Nyumba za Mji Mkongwe Zisingoje Kuanguka

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el-Ajaib iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule uliliza Visiwa vyetu vyote. Hatukusudii hapa kumtafuta wa kumlaumu. Tunalokusudia ni kuwakumbusha wakuu na wananchi kwamba Mji Mkongwe una mamia ya nyumba zisizokuwa na jina kubwa, na ndani yake wamelala watu.

Sehemu kubwa ya mji huu ilijengwa katika karne ya 19, zama ambazo Malkia Victoria alikuwa akitawala Uingereza, tangu 1837 hadi 1901. Mtindo wa majumba wa zama hizo ulienea hadi Bara Hindi, na kutoka huko ukatufikia kwa mikono ya matajiri na mafundi wa Kihindi. Ndiyo asili ya zile nguzo za chuma cha kusubu zinazoizunguka Beit el-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Mfano mwingine ni lile jengo la zahanati ya zamani kwenye Barabara ya Mizingani, ambalo Tharia Topan aliliwekea msingi mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia huyo. Mwenyewe alifariki kabla ya kuliona limekwisha, na ujenzi ukakamilika mwaka 1894. Roshani zake za mbao zilizochongwa nakshi, pamoja na vioo vyake vya rangi, hadi leo humsimamisha mpita njia.

Lakini mapambo hayo yote yameegemea mwili wa kienyeji. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vyetu vingi ni virefu na vyembamba. Roshani nayo haikuwekwa kwa fahari tu, kwani huukinga ukuta na jua kali na mvua ya upande, na humpatia mwenye nyumba upepo bila ya kuonekana na wa njiani. Anayeing'oa roshani kwa kuwa imechakaa, asirudishe nyingine, huwa ameuvua ukuta nguo yake.

Kosa lililoenea mno ni kuzitibu nyumba hizi kwa saruji. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi huula ukuta, na ncha za boriti zilizozama humo huoza pasipo mtu kuona. Kwa nje nyumba hupendeza kama mpya, kumbe ndani inakufa. Hatari huzidi pale matangi ya maji na vyoo vinapopandishwa juu ya dari ambazo hazikujengwa kubeba mzigo huo.

Tatizo la pili ni la umiliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali. Nyingine ni za wakfu, na nyingine za watu binafsi. Nyumba moja huweza kukaliwa na familia tatu au nne, na kila moja hufagia chumba chake. Paa la wote huwa halina mwenyewe. Kodi ndogo inayolipwa haitoshi kulitengeneza, na mpangaji naye haoni sababu ya kugharimia mali isiyokuwa yake. Hatuwezi kumlaumu mnyonge kwa hilo. Mwenye mali ndiye mwenye wajibu wa kwanza, na kwa nyumba nyingi mwenye mali huyo ni Serikali.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wetu ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa, ila haizibi paa linalovuja. Yafaa basi kila mwaka kabla ya masika yakaguliwe mapaa na mifereji ya nyumba za Serikali na za wakfu, na zenye hatari zishughulikiwe mwanzo, hata kama haziko kwenye njia wapitayo watalii. Yafaa chokaa ipatikane kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu, vijana wafundishwe uashi wa chokaa na useremala wa nakshi, na ruhusa ya matengenezo madogo isichukue miezi. Nasi wakaazi tusafishe mifereji, na tutoe taarifa tuonapo ufa.

Wala hatuombi miujiza. Zahanati ile ya zamani ilikuwa imechakaa vibaya, nayo ikafufuliwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Ujuzi upo, na mawe yapo. Wazee walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji Mkongwe, asiyeziba ufa huenda akachimba kaburi. Tunawaomba wahusika waanze na mapaa, na waanze kabla ya mvua zijazo.