Manukuu Yakiharibika, Tusiilaumu Kompyuta

Kwaresima inapofika, si jambo geni hapa Tegeta kwa jumuiya ndogo ndogo kukusanyika jioni na kuangalia filamu ya Mateso ya Bwana. Wengi wanaifahamu The Passion of the Christ, iliyotoka mwaka 2004. Wahusika wake wanasema Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, kwa hiyo sote tunategemea manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha. Ndugu zetu viziwi wanayategemea katika kila video, hata ya Kiswahili: mahubiri, mafundisho ya ndoa, nyimbo za kwaya. Kwao, manukuu yakiharibika, mafundisho yamekatika.

Ndiyo maana tunaliandikia jambo ambalo wengine wataliona dogo. Parokia inapoanza kutumia kompyuta zenye programu huria, kama zile za Linux, mara nyingi hutokea malalamiko kwamba manukuu yaliyopambwa vizuri yanaonekana hovyo. Herufi zimevimba, rangi imepotea, mstari uliowekwa juu umeshuka na kufunika wa chini, na neno "ng'aa" limepata kisanduku katikati. Basi wapo wanaosema Linux haifai, wakarudi kwenye Windows iliyonakiliwa bila leseni. Hatukubaliani nao. Amri ya saba haiishii kwenye mlango wa ofisi ya parokia, na tatizo lenyewe linatibika.

Tuangalie chanzo chake. Faili la manukuu la aina ya SRT hubeba hasa muda na maneno. Faili la ASS hubeba pia mapambo: jina la fonti, ukubwa, rangi, kivuli na mahali pa kukaa. Lakini kwa kawaida fonti yenyewe haimo; limo jina lake tu. Ni kama kwaya kupewa jina la wimbo bila noti. Kompyuta isipokuwa na fonti hiyo, huchukua nyingine, na mpangilio wote unayumba. Fonti nyingi za Windows haziji na Linux kwa sababu zina wenyewe. Kwa Arial na Times New Roman zipo mbadala ziitwazo Liberation, zilizotolewa mwaka 2007, ambazo upana wa herufi zake ni uleule. Kwa fonti za mapambo ya harusi na sikukuu, mbadala wa namna hiyo ni nadra.

Chanzo cha pili ni programu ya kuchezea video. Baadhi husoma maneno na kuyaacha mapambo. VLC na mpv hutumia maktaba ya libass, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, na zote mbili ni za bure. Cha tatu ni namna faili lilivyohifadhiwa. Lisipohifadhiwa kwa UTF-8, alama ya "ng'" iliyopinda ndiyo huharibika kwanza.

Kwa hiyo, mzigo mkubwa uko kwa mwandaaji kuliko kwa kompyuta ya mtazamaji. Anayetengeneza video ya parokia achague fonti huria, ahifadhi manukuu kwa UTF-8, kisha aifungashe video katika faili la MKV pamoja na fonti yake, kazi inayofanywa na MKVToolNix. VLC na mpv zitaikuta fonti humo humo. Aliyepokea faili la zamani aiweke fonti kwenye folda ya fonti ya kompyuta yake, afunge programu ya video na kuifungua upya.

Wapo wanaopendekeza njia fupi: maandishi yachomewe kwenye picha moja kwa moja. Kwa onyesho la jioni moja la projekta, tunawaelewa. Anayejitolea baada ya kazi hana muda mwingi. Lakini maandishi yaliyochomewa hayawezi kukuzwa kwa ajili ya mzee mwenye macho hafifu, wala kuzimwa, wala kubadilishwa kuwa lugha nyingine. Na neno la imani likitafsiriwa vibaya, video nzima itengenezwe upya. Faili la ASS ni maandishi ya kawaida. Hata katekista anaweza kulifungua na kurekebisha neno moja.

Uwezo huo wa kujirekebishia wenyewe ndio faida ya programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili bila kungoja kampuni ya ng'ambo itukumbuke. Mafrateri wanaokwenda parokiani kwa kazi za kichungaji wanaweza kubeba ujuzi huu mdogo na kumwachia kijana mmoja katika kila kigango.

Tangu hati ya Inter Mirifica ya mwaka 1963, Kanisa limetuhimiza kutumia vyombo vya mawasiliano kwa uinjilishaji. Kuvitumia ni pamoja na kuhakikisha ujumbe unasomeka. Tunapendekeza kila video ya parokia, kabla ya kusambazwa, ijaribiwe kwenye kompyuta ya Linux isiyo na fonti za mwandaaji, na mwamini mmoja kiziwi aombwe kuitazama hadi mwisho. Asipoelewa, kazi bado.