Figo Mpya, Moyo Uleule: Wajibu Wetu kwa Waliopandikizwa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mnamo Novemba 2017. Ama uhalali wake, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC) lilikwishaamua mjini Jeddah mwaka 1988 kuwa kutoa kiungo ili kumwokoa mwingine kunaruhusiwa kwa masharti, mojawapo likiwa kutokiuza. Hoja yetu leo si hiyo. Hoja yetu ni kwamba tunachangia upasuaji, kisha tunamwacha mgonjwa peke yake, hali ya kuwa moyo wake bado umo hatarini.

Figo zinaposhindwa kazi, maji na chumvi hujaa mwilini, shinikizo la damu hupanda na upungufu wa damu hujitokeza. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, hata misuli ya upande wake wa kushoto ikawa minene na migumu. Mishipa nayo hujengeka chokaa kwa kuvurugika madini ya kalsiamu na fosfeti. Figo mpya ikifanya kazi, maji hupungua, damu huongezeka, na kwa baadhi ya wagonjwa unene ule wa moyo hupungua. Hiyo ni neema kubwa. Lakini chokaa iliyokwishaganda haiondolewi na upasuaji. Tena dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo, kama prednisoloni na takrolimasi, zaweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Ndiyo maana maradhi ya moyo na mishipa ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya waliopandikizwa, hata pale figo yenyewe ikiwa nzima.

Wapo miongoni mwetu wanaomwambia mgonjwa: "Umeshapona, acha vidonge, mtegemee Allah." Hiyo si tawakkul. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu mmoja amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola wake. Mwenye kuacha dawa hizo aweza kuipoteza figo ambayo nduguye aliitoa mwilini mwake, na kuurudishia moyo mzigo uleule. Kadhalika dawa za miti shamba, hata ziuzwazo kwa jina la tiba ya Sunna, zisitumiwe bila daktari kujua, kwani baadhi yake hubadili kiwango cha dawa katika damu. Hata tunda la balungi hufanya hivyo. Naye aliyezuiwa na daktari kufunga asione haya, wala tusimtazame kwa jicho baya. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185.

Basi tufanye nini? Kwanza, kamati ya msikiti inapokusanya mchango wa upasuaji, itenge fungu la dawa na vipimo vya miaka inayofuata, kwani dawa hizo ni za maisha yote. Pili, kila msikiti uweze kuwa na mashine ya kupimia presha na mtu aliyefundishwa kuitumia. Shinikizo la damu huharibu figo na moyo kimyakimya, na kulidhibiti mapema ni nafuu kuliko upasuaji wowote. Tatu, tupunguze chumvi na mafuta katika futari na karamu zetu, na tuwakataze wetu sigara. Nne, tuendelee kumzuru mgonjwa. Hiyo ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na haki hiyo haikomi siku anapotoka hospitalini.

Figo iliyotolewa ni amana kwa aliyeipokea, naye ni amana kwetu sisi jamaa zake na waumini wenzake. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wabillahi Tawfiq.