Nyepesi mfukoni, kali mkononi

Mwandishi mmoja ameisifu bastola ya Smith & Wesson 340PD kwa kuwa haifiki gramu 350, lakini wepesi huohuo ndio unaopiga teke. Ukiipakia .357 Magnum, kiganja kinawaka na risasi ya pili inakwenda inakotaka yenyewe. Tena kuna jambo hakuligusa: mshtuko unaweza kuvichomoa vichwa vya risasi zilizobaki kutoka kwenye maganda, silinda ikakwama. Mtengenezaji naye ameonya, kwenye mtutu wenyewe, usitumie kichwa kilicho chini ya greini 120, kwa kuwa risasi nyepesi za Magnum humomonyoa silinda ya titani. Mimi ningepakia .38 Special ya kichwa bapa, greini 148. Ni risasi ya shabaha, ndiyo, lakini ni tulivu na hupenya vya kutosha hata kwa mtutu mfupi. Na mpini uwe wa mpira, ingawa hunasa mfukoni.