Ndai Imelala Upande Mmoja? Weka Grainda Chini Kwanza

Si unaijua hiyo Subaru ya mtaa, ilishushwa juzi tu. Rimu safi, rangi inawaka, lakini ukiicheki kutoka nyuma kona ya kushoto iko juu. Mwenyewe ameamua springi ni feki. Anairudisha Grogan, fundi anatoa grainda, nusu mzunguko inaenda. Sasa hiyo kona iko chini kuliko zingine. Wanakata na ya pili. Buda, hapo huna gari, uko na mkokoteni wa plati.

Mara nyingi springi haina makosa. Cheki bushi. Fundi akikaza boliti zake gari ikiwa kwa jeki, magurudumu yakining'inia, raba inashikwa katika hiyo pozi. Ukishusha gari chini raba inajipinda, inasukuma kona juu. Dawa: legeza boliti, acha gari isimame kwa taya zake, isukume mbele na nyuma ikae, ndio ukaze. Hapo hujanunua spea hata moja.

Na macho yanadanganya, manze. Barabara nyingi zimeinama kando ndio maji yatoke. Tafuta sakafu tambarare, jaza taya presha sawa, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda. Pima kona zote nne kabla ya kushusha na baada. Wasee huruka hiyo ya kwanza, halafu wanalaumu springi kwa mteremko ambao gari ilikuwa nao tangu itoke Japani. Kama uko na koilova, kumbuka meza ya kibanda: ukiinua mguu mmoja, ule wa mkabala nao pia unabeba zaidi.

Mbona nakusumbua na hii saa hii? Rasimu ya kanuni za ukaguzi ya NTSA inataka hata gari ya kibinafsi iliyozidi miaka 4 tangu itengenezwe ipelekwe kukaguliwa. Springi ya grainda utamficha nani? Na hata bila mkaguzi, springi iliyokatwa fupi sana inaweza kulegea gari ikiruka tuta, itoke kwa kikalio chake. Jaribu kupiga hesabu hiyo ukiwa Thika Road, saa tano usiku, na maboyz wanne ndani.

Kama ushakata, nunua springi nzima, zote mbili za ekseli hiyo. Halafu alaimenti, juu ukishusha gari pembe za taya zinahama, na taya mpya italika upande wa ndani kabla hujamaliza kulipa deni lake.