Si wati, ni kipimo

Aliyeandika kwamba magari yakifungwa redio zenye nguvu kubwa za kuongea yenyewe kwa yenyewe, ajali za barabara ya Uyole hadi Kasumulu zitakwisha, amekosea palepale anapojiamini. Kinachoharibu ujumbe wa redio hizo ni mwendo.

Chukua lori la mafuta linaloshuka kwenda Malawi na Noah inayopanda kuelekea Tukuyu, yakutane Mpuguso, kila moja kwenye kilomita 80 kwa saa. (Noah huzidisha, tunajuana.) Yanakaribiana kwa kilomita 160 kwa saa. Kwenye masafa ya gigahezi 5.9, masafa ya mawimbi yanayopokelewa yanahama kwa takriban hezi 870, na njia ya mawimbi hayo hewani hubaki ileile kwa kama nusu milisekunde tu. Ujumbe wa baiti 300, kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, unakula karibu muda huohuo wote. Sasa, 802.11p, kiwango cha redio za magari cha mwaka 2010, huipima njia hiyo hasa mwanzoni mwa ujumbe. Mkia ukifika, kipimo kimeshachacha. Ongeza wati utakavyo, mpokeaji atasahihisha kwa hesabu ya zamani.

Nguvu inasaidia kidogo kilima na migomba vinapoziba kona, hilo nakubali. Lakini dawa ni kupima upya ujumbe ukiwa njiani: LTE-V2X, mfumo wa magari unaotumia teknolojia ya simu, huweka alama nne za kupimia katika kila milisekunde, na 802.11bd, mrithi wa 802.11p, hupachika zake katikati ya ujumbe.

Atakayenunua vifaa hivi amuulize muuzaji vinapima njia mara ngapi. Wati aulize baadaye.