Matuta Yajengwe, Ila Yawe na Mwenyewe

Tuseme wazi mapema: tunaunga mkono matuta. Barabara za makazi za Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Kawangware, jijini Nairobi, zinayahitaji, tena mengi kuliko yaliyopo. Tunachokipinga ni tuta linaloota usiku bila rangi, bila kibao, bila taa, na ukiuliza asubuhi nani kaliweka, kila afisi inanyooshea nyingine kidole.

Kilimani ya leo si ile ya nyumba moja kwenye nusu ekari. Bangalo zimevunjwa, maghorofa yamesimama, na barabara zimebaki zile zile. Juu ya hayo, mitaa hii imegeuzwa njia ya mkato ya jiji. Ngong Road ikijaa, dereva anakata kona Yaya, anashika Ring Road, anapenya Kileleshwa na kutokea Westlands. Waiyaki Way ikikwama, anajaribu James Gichuru na Gitanga. Zamani njia hizi zilijulikana na wenyeji na madereva wa teksi. Siku hizi simu inamwelekeza hata mgeni aliyeshuka ndege jana.

KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ilijenga barabara za kiungo kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ile ya Kileleshwa hadi Westlands ikiwa mojawapo, na tunaipongeza kwa sababu ilikumbuka njia za miguu na za baiskeli. Lakini lami laini ina tabia yake. Mchana foleni ndiyo inayolinda watu. Ikifika saa nne usiku magari yamepungua, taa nusu yake hazifanyi kazi, na mguu unakanyaga mafuta.

Ukitaka kujua barabara hizi ni za nani, simama Gitanga Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wanatoka Kawangware kwa miguu: wafanyakazi wa nyumbani, mabawabu wanaokwenda kupokezana zamu, vijana wa mjengo waliobeba viatu vya kazi mfukoni, watoto wenye mikoba mikubwa kuliko migongo yao. Nauli ya matatu ya 46 kila siku, kwenda na kurudi, si ya kila mfuko. Hao ndio wanaovuka, na hao ndio wanaogongwa. Mwaka 2024 watu 4,748 walifariki katika barabara za Kenya kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na waenda kwa miguu walikuwa kundi kubwa kuliko jingine lolote.

Sheria ya Trafiki imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa ndani ya miji. Wengi wanaona huo ni mwendo wa kobe. Basi tupige hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linahitaji mita 13 hivi kusimama kwenye lami kavu, tukihesabu sekunde moja ya dereva kushtuka kabla ya kukanyaga breki. Kwa kilomita 50 linahitaji karibu mita 28. Mtoto akichomoka nyuma ya kioski mita 14 mbele ya gari, dereva wa 30 atasimama, aangushe tusi moja na aendelee na safari yake. Dereva wa 50 mguu wake ndio kwanza unafika kwenye breki. Atamgonga kwa kasi ile ile aliyokuja nayo.

Kibao peke yake hakitambadilisha huyu. Wala askari, ambaye hawezi kuwa kila kona, na hata akiwepo tunajua mazungumzo hufika wapi. Tuta halipokei kitu kidogo.

Na si nadharia. Suhum, mji ulio kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi nchini Ghana, uliwekewa vijituta vya kutetemesha mnamo 2000, na watafiti walikuta ajali zimepungua kwa asilimia 35 hivi na vifo kwa zaidi ya nusu. Karibu na nyumbani, Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule za msingi za mitaa ya kipato cha chini likiweka matuta, vivuko na njia za miguu, na mahali pengine likahamisha tu geti la shule kutoka barabara yenye magari mengi hadi uchochoro wa kando. Majeruhi walipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo, SARSAI, ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross, ukiipiku miradi ya mabara mengine yenye fedha nyingi zaidi. Kuhamisha geti! Gharama yake ni fundi wa kuchomelea na mwalimu mkuu aliyekubali.

Sasa tazama utaratibu wetu, ambao sote tunaujua. Mtoto anagongwa. Wakaazi wanafunga barabara kwa mawe na kuchoma magurudumu. Mwanasiasa anafika, anapanda juu ya gari, anaahidi. Kabla ya wiki kwisha lori limemwaga lami, au vijana wamerundika mawe na changarawe wenyewe. Katika mitaa yenye mageti ya umeme mambo ni ya kistaarabu zaidi, kwa maana kwamba chama cha wakaazi kinachanga na kumlipa mwanakandarasi. Matokeo hayatofautiani sana: kinundu chembamba, kirefu kwenda juu, kilichopimwa kwa jicho.

Tuta lina vipimo. Lile la mviringo linaloigwa duniani lilitokana na majaribio ya watafiti wa barabara wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na upana wake, kwa mwelekeo wa gari, ni mita 3.7 kwa kimo kisichozidi sentimita 10. Gari zima linalipanda na kulishuka, na dereva anayezidisha mwendo anasikia mwili wake ukinyanyuliwa kitini. Kinundu chetu cha nusu mita hufanya kinyume. Prado yenye magurudumu makubwa inakiruka bila kahawa kumwagika. Vitz ya mwalimu inakwaruza tumbo na kuacha bomba la moshi. Adhabu imempata asiyekuwa na kasi. Bodaboda nayo inapita ukingoni, kwenye upenyo ulioachwa wa maji, au inapanda kabisa njia ya miguu. Vigingi vitatu vya zege vingemaliza jambo hilo, lakini nani aviweke ikiwa tuta lenyewe halina mwenyewe?

Halafu matuta huwekwa moja moja. Dereva anapunguza, anapita, anakanyaga mafuta kwa hasira ili afidie. Yakipangwa kila baada ya mita 80 au 100, hapati nafasi ya kushika kasi, na hana haja ya kufunga breki kwa ghafla. Na rangi! Tuta lisilopakwa rangi, usiku wa mvua, ni mtego. Abiria wa bodaboda aliyerushwa juu ya mpini hakuokolewa na mtu.

Wanaopinga matuta wana hoja, na hatutazipuuza. Ya kwanza ni ambulensi. Argwings Kodhek ina hospitali kadhaa, Nairobi Hospital ikiwemo, na mgonjwa wa uti wa mgongo hastahili kurushwarushwa mara sita kabla ya kufika mlangoni. Kwa barabara kama hiyo kuna matuta ya vipande, yaliyoachiwa nafasi ambazo gari lenye magurudumu yaliyotanuka hupita bila kuyapanda. Ndiyo, pikipiki zitapenya humo humo. Tunachagua ambulensi ipite. Ya pili ni maji. Tuta lililofunga mfereji hugeuza barabara bwawa, na baada ya mafuriko ya Aprili 2024 hakuna mhandisi wa Nairobi anayeweza kusema hakujua. Ya tatu ndiyo nzito, na husemwa kwa sauti ya chini: usiku, mahali pa kupunguza mwendo ndipo mahali pa kuporwa. Jibu la hiyo ni taa. Kaunti ikiweka tuta iweke na mlingoti wa taa juu yake, siku hiyo hiyo, katika mkataba huo huo.

Wala si lazima kila mahali pawe na tuta. Luthuli Avenue, katikati ya jiji, ilirekebishwa mwaka 2019 kwa ushirikiano wa kaunti na UN-Habitat: magari yakapewa mwelekeo mmoja, nafasi yao ikapunguzwa, njia za miguu zikapanuliwa. Wafanyabiashara walilalama mwanzoni. Mwendo wa magari ulishuka kwa sababu barabara yenyewe ilimwambia dereva kwamba hapa ni mgeni. Wood Avenue na Lenana Road zingeweza kufanyiwa vivyo hivyo. Na penye watoto wengi, mbele ya shule na kwenye vituo vya matatu, tungependelea kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo bapa na mistari ya punda milia juu yake, kuliko tuta tupu. Linapunguza mwendo na papo hapo linampa mwenye miguu haki ya kupita. Kwa sasa kanuni ya vivuko vyetu vya rangi iliyofifia ni mwenye nguvu mpishe.

Tufike kwa mwenyewe. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na udhibiti wa magari. Sheria ya barabara ya 2007 iliunda KURA kusimamia barabara za mijini. Kati ya hizo mbili, mkaazi wa Gatina anayetaka tuta mbele ya shule hajui barua aipeleke wapi, na akiipeleka, itasafiri kutoka City Hall hadi KURA na kurudi, mwezi baada ya mwezi. Anayetaka tuta baya liondolewe hukutana na safari iyo hiyo. Ndiyo maana watu huchukua koleo.

Tunataka kaunti na KURA zichapishe orodha ya barabara zote za Dagoretti Kaskazini na Westlands, kila moja na jina la anayewajibika. Ombi la tuta lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, liwe limekubaliwa au limekataliwa, na sababu zitolewe. Vinundu visivyo na kipimo vipewe msimu mmoja wa ukavu kubadilishwa, na visiondolewe tu kisha barabara ikaachwa uwanja wa mbio, kwa maana waliovijenga walikuwa na sababu. Kila tuta lipakwe rangi upya kila mwaka kabla ya mvua ya masika. Rangi ni bei rahisi kuliko kitanda cha chumba cha wagonjwa mahututi.

Fedha zilishaahidiwa. Sera ya kaunti kuhusu usafiri wa miguu na baiskeli, ya mwaka 2015, ilitenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa kazi hiyo. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Wawakilishi wa wadi za Kilimani, Kileleshwa, Kawangware, Gatina, Kabiro na Kangemi wataulizwa na wapiga kura wao asilimia hiyo imeandikwa ukurasa gani, na jibu la kwamba kamati bado inashughulikia limeshatumika vya kutosha.