Daftari la Wiki: Baridi ama Moto?

Gesima kuna baridi. Kata hii ya Kitutu Masaba, katika kaunti ya Nyamira, imefunikwa na majani chai hadi ukingoni mwa barabara, na jua likizama kila mtu hutafuta koti. Ndiyo maana mgeni aliyezoea joto la Mombasa hushangaa anapoingia baa ya soko lolote la huku na kupokewa na swali la mhudumu: "Baridi ama moto?" Bia ya moto hakuna aliyeichemsha. Ni ile iliyoshinda kwenye kreti, haijaonja friji, na wazee wengi huitaka hiyo hiyo. Wanasema ya baridi inaumiza kifua.

Kaunta yenyewe imefungwa kwa nondo kuanzia mbaoni hadi darini. Katikati kumeachwa kijidirisha kinachotosha chupa moja na mkono mmoja. Pesa zinaingia kwanza, chupa inatoka baadaye. Mhudumu huifungua mbele ya mteja, maana chupa iliyofunguliwa jikoni haiaminiki, kisha zile tupu huachwa palepale mezani zijipange. Hizo ndizo hesabu. Mtu anayebishana kuhusu deni lake huonyeshwa chupa zake mwenyewe.

Wanaotafuta historia huwa hawaingii humu. Huenda makumbusho, huenda kwenye nyaraka za serikali. Lakini mwulize mzee wa Gesima ni wapi aliposikia kwamba waziri Tom Mboya ameuawa, Julai 1969, au ni wapi alipoonana na mwenzake wa kazi mara ya mwisho, na mara nyingi jibu litakuwa jina la baa.

* * *

Kabla ya kaunta kulikuwa na mtungi. Amarwa, pombe ya Abagusii (Wakisii), ilitengenezwa kwa nafaka, wimbi likiwa ndilo lenye heshima: unga unavundikwa, unakaangwa kwenye karai pana mpaka ubadilike rangi na kunukia, kisha unachanganywa na kimea cha wimbi na maji na kuachwa uchachuke. Abagaka, yaani wazee, walikaa duara kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu kuliko yeye mwenyewe, ncha ya chini ikiwa na kichujio kilichosukwa ili makapi yasipande. Maji ya moto yaliongezwa kila kiwango kiliposhuka. Mzee aliutunza mrija wake kama mwingine anavyotunza fimbo au miwani.

Penye mtungi palikuwa pia na obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito ya chini, na mpigaji wake alikuwa mwandishi wa habari wa siku zile. Aliimba nani kaoa, nani kauza ng'ombe wa mahari, nani kakimbia deni. Christopher Monyoncho na wenzake wa Kebirigo walipoingia studioni na magitaa ya umeme wakiimba Ekegusii, kazi waliyoifanya ilikuwa ileile, ila sasa ilisikika kwenye kila baa yenye redio kuanzia Nyamira hadi Kisii.

Jambo moja husahaulika. Pombe ya mtungi ule ilipikwa na mwanamke. Amarwa, na baadaye busaa na chang'aa ya kuuza, ililipa karo za shule kuliko inavyokubaliwa hadharani. Abang'ina wengi, yaani kina mama, waliamka usiku wa manane kukoroga, wakaficha madebe kwenye shamba la migomba, wakakimbizana na askari wa chifu, ili mtoto apeleke pesa shuleni Jumatatu. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980 na marufuku ile haikuondolewa hadi 2010. Miaka 30 yote hiyo mama aliyepika alikuwa mhalifu kisheria, na mtoto aliyesomeshwa kwa jasho lake akawa mwalimu, muuguzi, wakili. Kumbukumbu hizi zinastahili heshima kuliko aibu.

* * *

Upande wa pili nao usemwe. Wasabato na Wakatoliki walifika Gusii kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Wasabato wakakataza pombe kabisa. Gesima zipo nyumba nyingi ambazo chupa haijawahi kuvuka kizingiti, na ndani yake baa hukumbukwa kwa namna nyingine: mshahara wa majani chai ulioishia huko, baba aliyerudi usiku akiwa hana viatu, mama aliyesubiri na taa. Halafu kuna sumu. Novemba 2000 pombe iliyochanganywa methanoli, ile iliyoitwa kumi kumi, iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kupofusha wengine. Anayeandika historia ya baa akaacha haya, ameandika tangazo la biashara.

* * *

Tukitoka Gusii kwenda Nairobi, mwaka wa kuukumbuka ni 1922. Tarehe 16 Machi umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume waliositasita, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Norfolk, hoteli iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, na masimulizi ya tukio lile yanasema walowezi waliokuwa wakinywa kwenye veranda yake nao walifyatua za kwao. Desemba ya mwaka uleule, kiwanda kipya cha bia cha Ruaraka kilitoa bia yake ya kwanza, na kreti 10 za mwanzo zikapelekwa hoteli ya Stanley. Mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu mwaka 1923, na hapo ndipo lilipotoka jina la Tusker na picha ya ndovu iliyo kwenye chupa mpaka leo.

Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa bia hiyo. Kwake halmashauri ya mji ilijenga ukumbi wa pombe Pumwani, ikajipa ukiritimba wa kupika na kuuza, kwa mtindo ulioigwa kutoka Durban, na faida ikatumika kugharamia huduma za Waafrika wenyewe. Kwa maneno mengine, mfanyakazi alitozwa zahanati yake kikombe kwa kikombe. Bia ya chupa aliruhusiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini wazee waliofika Nairobi kutoka Gusii baada ya uhuru walilichukulia jambo la kukaa mezani, kuagiza Tusker na kuhudumiwa, kuwa ushindi. Wengine walivaa tai kwa ajili hiyo.

Stanley iliweka mkahawa wa Thorn Tree mwaka 1959, na wasafiri wakazoea kubandika barua zao kwenye mti wa katikati: fulani nimefika, fulani nisubiri, nimekwenda Kampala. Mti wa sasa si ule wa kwanza. Norfolk nayo ilipigwa bomu mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1980, watu wapatao 20 wakafa, ikajengwa tena. Na Hilton, ambako mbunge J.M. Kariuki alionekana akitoka tarehe 2 Machi 1975 asirudi tena kwake, ilifunga milango mwisho wa 2022. Watu wengi walipita pale kwa miaka bila kuona maandishi yoyote yanayomtaja.

* * *

Hizo ni hoteli za wakubwa, na angalau zimeandikwa. Baa za wafanyakazi ndizo zinazopotea.

Garden Square, karibu na City Hall, ndipo bendi ya Les Wanyika ilipojijengea wapenzi baada ya kuundwa mwaka 1978, na "Sina Makosa" ikatoka ikavuka mipaka yote ya Afrika Mashariki. Ndani ya kumbi kama ile Mkisii, Mluo, Mtanzania na Mkongomani walicheza Kiswahili kimoja. Koinange Street kulikuwa na Florida, jengo la duara lililokaa juu ya kituo cha mafuta kama chombo kilichotua kutoka angani; sasa limebomolewa. River Road, mtaa ambako mabasi ya Kisii yalishusha abiria na mizigo ya ndizi, ilikuwa na vilabu ambavyo leo havina hata picha. Mtu akitaka kujua vilinukaje na watu walizungumza nini humo miaka ya sabini, itabidi afungue riwaya ya Meja Mwangi, "Going Down River Road", ya mwaka 1976, awafuate Ben na Ocholla wakitoka kwenye ujenzi mpaka baani. Ni riwaya nzuri sana. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba kazi ya kuhifadhi imeachiwa mtunzi mmoja.

Zanzibar walibahatika kidogo: jengo la klabu ya Waingereza, iliyoanzishwa 1888, bado lipo Mji Mkongwe, siku hizi likiitwa Africa House, na watu bado hupanda kibarazani kutazama jua likizama baharini. Ila hiyo nayo ilikuwa ya wakubwa.

* * *

Kuhusu kuhifadhi baa, kuna kisa cha London kinachofaa kusomwa Nyamira. Carlton Tavern, baa ya mtaani iliyojengwa karibu na 1920, ilibomolewa Aprili 2015 bila kibali, siku chache kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Wakazi walipiga kelele. Halmashauri ya Westminster ikamwamuru mwenye jengo alijenge upya, tofali kwa tofali, na Aprili 2021 baa ikafunguliwa tena. Hilo liliwezekana kwa sababu moja: wakazi walishashuku mapema, na wataalamu wa majengo ya kale walikuwa wamelipima na kulipiga picha kabla ya tingatinga kufika. Bila zile picha, amri ya halmashauri ingekuwa karatasi tu.

Kenya ina sheria yake ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na leseni za vileo tangu ugatuzi ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ofisi inayojua kila baa ya Gesima ilipo, tayari ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza ilianza lini na nani walikaa humo. Keroka ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, mji uliokaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, ambao kaunti zote mbili zimevutana kuhusu nani akusanye ushuru wake. Zikishindana pia kuhusu nani aandike historia yake, hakuna atakayelalamika.

* * *

Desemba inakuja, na mabasi ya Nairobi yataleta watu nyumbani. Mwenye babu au baba aliyewahi kufanya kazi Nairobi, Kericho au Kisumu na akae naye jioni moja, akiwa na simu yenye chaji. Si lazima pawe baani. Chai ya maziwa inatosha, na kwenye nyumba ya Msabato ndiyo itakayokuwepo. Amwulize alikwenda wapi na mshahara wake wa kwanza. Barabara gani, mlango ulitazama wapi, bendi ilipiga nini, bia ilikuwa shilingi ngapi, nani alikuwa mezani na leo yuko wapi. Amwulize na nyanya, kando, peke yake: alipika mara ngapi kwa wiki, alificha wapi, na ni karo ya nani iliyolipwa. Arekodi, aandike tarehe na majina, nakala moja aiweke kwenye maktaba ya shule iliyo karibu.

Waliokuwa vijana wa miaka 20 Les Wanyika walipoanza Garden Square wanakaribia miaka 70 sasa.